Sikiliza, Vema

Neno la kwanza la Kitelugu nililothubutu kulitamka mbele ya mtu mzima lilikuwa la kukosa adabu, na nilikuwa nimelitoa kwenye shairi la maadili.

Ilikuwa Novemba 2015, mjini Hyderabad. Nilikuwa na miezi minne India, nasomea famasia. Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee mstaafu wa reli, na nyumba nzima tulimwita Tatayya, yaani babu. Asubuhi hiyo alikuwa barazani na gazeti lake. Bomba la chooni kwangu lilikuwa linavuja tangu usiku, nami nikataka kumweleza kwa lugha yake mwenyewe apate kufurahi. Nikamsogelea nikasema, "Vinura." Sikiliza.

Akashusha gazeti polepole. Hakunijibu. Aliniangalia kwa muda, kisha akamtazama mkewe aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Nikajua nimeharibu kitu, ila sikujua ni kipi.

Shida ilikuwa ile silabi ya mwisho. Kwa Kitelugu "-ra" humwambia rafiki wa kiume mliyekua naye, au mdogo wako, au mtu unayemshusha. Mzee huambiwa "vinandi". Mimi nilikuwa nimemwambia babu wa watu "we, hebu sikia". Neno hilo nililisoma mara nyingi mno kitabuni, kwa kuwa limo katika mstari wa mwisho wa karibu kila ubeti wa Vemana, mshairi wa zamani wa Kitelugu, nami nikadhani lugha ya mshairi mkubwa haiwezi kuwa na kosa. Sikujua kwamba ndani ya shairi mshairi anajisemesha mwenyewe, na mtu hana haja ya kujiheshimu kwa maneno anapojisemesha.

Naandika haya kwa ajili ya Mswahili yeyote anayependa ushairi, ambaye masomo au kazi zitampeleka pande zile. Kitelugu kina wazungumzaji zaidi ya milioni 80 kwa sensa ya India ya 2011, na mashairi yake ya maadili ni hazina ambayo sisi wa pwani tungeielewa haraka kuliko watu wengi duniani. Mimi yalinichukua miaka miwili kabla sijaanza kuyaelewa, na nyingi ya miaka hiyo ilipotea bure.

Nianze na nyumba, kwa sababu bila ile nyumba nisingeyajua mashairi kabisa. Nilipofika Julai 2015 nilizunguka na dalali kwa wiki tatu. Chumba kinakuwepo mpaka wanione, kisha ghafla kimeshapangishwa. Mama mmoja alimwambia dalali mbele yangu, akidhani sielewi, kwamba wao hawawapangishi Waafrika. Nilikuwa nimeshaanza kushika Kiurdu cha mitaani, kwa hiyo nilielewa kila neno. Nilirudi hosteli nikalala na nguo nilizovaa. Nyumba ya saba ndiyo ikawa ya Tatayya. Yeye aliuliza swali moja tu, kama napika nyama ya ng'ombe. Nikasema nitaacha nikiwa kwake. Kodi rupia 6,000 kwa mwezi, na miezi miwili kianzio.

Hapo pana kosa langu la pili, na kwa Mswahili ndilo kosa rahisi kuliko yote. Hyderabad ni mji wa Kiurdu pia, na Kiurdu kinampokea Mswahili kama ndugu. Kitabu ni kitab, wakati ni waqt, dunia ni duniya, habari ni khabar. Baada ya miezi miwili nilikuwa nanunua nyanya, napatana na dereva wa bajaji, naulizia njia. Nikaamini nimeshaijua lugha ya mji. Kumbe nyumbani kwa Tatayya hakuna aliyekuwa anaongea hivyo wakishafunga mlango. Kitelugu ni cha ukoo mwingine, ukoo wa Kidravidi pamoja na Kitamil na Kikannada, na Kiurdu chote ulichonacho hakikufungulii hata dirisha moja. Kama unakwenda Andhra Pradesh au Telangana na unataka kujua watu wanavyofikiri, anza na Kitelugu siku ya kwanza. Urahisi wa Kiurdu utakudanganya.

Vemana nilimjua kwa sanamu yake. Kando ya ziwa la Hussain Sagar kuna barabara inaitwa Tank Bund, na sanamu za watu mashuhuri wa Kitelugu zimepangwa pale. Mwanafunzi mwenzangu alinionyesha moja akasema, "Huyu kila mtoto anamjua." Wengi humweka Vemana katika karne ya 17. Alikuwa mkulima kwa asili, akawa mwenye kuzunguka, akatunga beti fupi za mistari minne kwa maneno ya watu wa kawaida. Jumapili hiyohiyo nilikwenda Abids, ambako vitabu vilivyotumika hupangwa barabarani chini, nikanunua kijitabu cha beti zake kwa rupia 40. Upande mmoja Kitelugu kwa herufi za Kizungu, upande wa pili tafsiri ya Kiingereza.

Kile kijitabu kilinichelewesha kuliko kitu chochote. Herufi za Kizungu hazikuwa na alama za kuonyesha irabu ndefu na fupi, na sisi Waswahili urefu wa irabu hautushughulishi sana. Kwa Kitelugu urefu ndio uhai wa neno. Paalu, kwa a ndefu, ni maziwa. Pallu, kwa a fupi na l nzito, ni meno. Na si maana tu inayoharibika. Mizani yao haihesabu silabi kama yetu. Inapima silabi nzito na nyepesi, na uzito kwa sehemu kubwa unatokana na urefu huo. Nilikariri beti 30 kwa matamshi yangu, nikajivunia, na hakuna hata mmoja uliosimama kwenye mahadhi. Baadaye ilinibidi kuzisahau kwanza ndipo nizijifunze upya, na kusahau kuligharimu muda mrefu kuliko kujifunza.

Nikatafuta mwalimu wa tuisheni, rupia 250 kwa saa, mara mbili kwa wiki, miezi mitano. Alikuwa msomi wa kweli. Alinifundisha herufi, ambazo kwa hesabu ya jadi ni 56, zote za mviringo, na akaniambia uzuri wa mviringo huo ulianzia kwenye jani la mtende, maana mstari ulionyooka hupasua jani. Alinifundisha pia majina ya bahari za ushairi. Beti nyingi za Vemana zimetungwa kwa bahari ya ataveladi. Nilijua kuihesabu ataveladi kwa kalamu, kuonyesha kipande cha kwanza cha mstari na cha nne vinavyoanza kwa sauti zinazopatana. Lakini ukinikuta njiani ukanisomea ubeti mpya, sikuisikia. Nilikuwa kama mtu anayejua kanuni za kuogelea na hajaingia baharini.

Aliyenitia majini ni mke wa Tatayya. Mjukuu wake, binti wa miaka saba, alimwita Ammamma, bibi mzaa mama, nami nikafuata. Kila jioni, taa zikishawashwa, mjukuu aliketi kwenye mkeka jikoni huku bibi anachambua dengu, na kabla ya kupewa chakula anasema ubeti. Bibi anatoa mstari kwa sauti ya kuimba, mtoto anaurudisha. Hapakuwa na kitabu. Ammamma alikuwa amesoma mpaka darasa la tano tu.

Baada ya lile janga la "vinura" nilikuwa nimekwenda kuomba radhi, na Ammamma ndiye aliyenieleza kosa. Akasema kama nataka maneno ya Vema, yaani Vemana, basi niketi na mtoto. Sikumsikia mara hiyo, nikakimbilia tuisheni. Ilipoisha ndipo nikaketi. Mwanamke wa miaka 23 na mtoto wa miaka saba, tunarudisha pamoja. Nikikosea urefu wa irabu, mtoto ndiye aliyenisahihisha, bila huruma. Katika miezi miwili ya mkeka ule nilipata zaidi ya nilichopata katika miezi mitano ya tuisheni. Simlaumu mwalimu. Nilianza kwa mpangilio wa kinyume: ningeketi mkekani kwanza, kisha niende kwake na maswali.

Ubeti wa kwanza nilioushika kwa mahadhi ulikuwa wa mwarobaini. Unasema ukiimba na kuimba, sauti inazidi kukomaa. Ukila na kula, mwarobaini unakuwa mtamu. Kwa mazoezi kazi hutimia duniani. Mtoto wa Tanga haelezwi mwarobaini ni nini. Nimenyweshwa maji yake kila nilipopata homa, nikizibwa pua. Lakini kwao mwarobaini huliwa kwa hiari. Siku ya Ugadi, mwaka mpya wao, Ammamma alichanganya bakulini maua ya mwarobaini, sukari guru, ukwaju, embe bichi, chumvi na pilipili, akatupa kila mtu kijiko kabla ya chakula kingine chochote. Ladha sita kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa mwaka nao utakuja na zote. Tangu siku hiyo ubeti ule ulikuwa na ladha mdomoni mwangu. Nikajua pia kwa nini haukusahaulika kwa zaidi ya miaka 300. Mti uko uani, na kijiko kiko mkononi mwa bibi kila mwaka.

Sasa nieleze jambo la kafuri, maana ndilo lililonifanya niandike.

Ammamma alikuwa na kona ya ibada karibu na jiko. Kila alfajiri aliweka kidonge cheupe kwenye sahani ndogo ya shaba, akakiwasha, akazungusha moto ule mbele ya picha zake. Kidonge kilikuwa kafuri. Moshi ulipanda ngazi mpaka chumbani kwangu. Na mimi kila alfajiri nilitoka nje, na baridi yote ya Desemba, nikasimama barabarani mpaka harufu iishe.

Baba yangu alifariki mwaka mmoja kabla sijaenda India. Aliyewahi kufiwa pwani anaijua harufu hiyo. Maji ya mwisho ya kumwoshea maiti hutiwa kafuri, na Kiswahili chenyewe kimelipa jina la pili, karafuu maiti. Kwangu haikuwa harufu ya ibada ya mtu. Ilikuwa chumba cha uani kwetu Chumbageni, mlango umefungwa, wanaume wanatoka na ndoo, mama ameegemea ukuta. Sikumwambia mtu. Nilitoka tu.

Ammamma aliona, akanyamaza kwa wiki kadhaa. Kumbe yeye alielewa kwamba naidharau dini yake. Siku moja alimtuma mjukuu aniambie kwamba kama moshi unaniudhi kwa sababu ya imani yangu, atakuwa anafunga mlango. Niliumia sana. Nilishuka na Kitelugu changu kibovu nikamweleza: kwetu hii hutiwa kwenye maji ya maiti, na maiti niliyemjua mimi ni baba.

Alikaa kimya. Kisha akasema ubeti, na huu nauandika kama alivyousema:

Uppu kappurambu nokka polika nundu
chuda chuda ruchula jada veru
purushulandu punya purushulu veraya
viswadabhirama vinura Vema

Chumvi na kafuri zina sura moja. Ukitazama, ukitazama tena, njia za ladha zao ni mbali. Na kati ya watu, watu wema wako mbali na wengine. Mstari wa mwisho ndio makutam, yaani taji, unaorudi karibu kila ubeti na jina la mshairi ndani yake.

Nilikuwa naujua ubeti huo. Ulikuwa wa kwanza kwenye kijitabu changu cha rupia 40, na tafsiri yake ya Kiingereza nilikuwa nimeipita bila kusimama, kama methali ya kawaida. Sasa nilisimama. Mimi mwanafunzi wa famasia nilikuwa nimeziona unga kwa unga kwenye maabara, nyeupe kwa nyeupe, na ni kweli jicho halitofautishi. Nilikuwa nimejifunza kafuri kama dawa ya kuchua. Kwa Ammamma ilikuwa moto unaowaka wote na kuisha bila kuacha jivu, na ndiyo maana wanaipenda hekaluni. Kwangu ilikuwa baba. Kidonge kimoja kwenye sahani moja. Akaniambia, kwa maneno yake, kwamba mimi na yeye tulikuwa tumetazama mara moja tu, na Vema amesema chuda chuda, tazama, tazama.

Hakufunga mlango, nami sikutoka tena alfajiri. Siwezi kusema harufu ile iliacha kuwa ya msiba. Ila ilipata na maana nyingine kando yake.

Nilipoanza kutafsiri ubeti huo niliandika "ukionja" mstari wa pili, kwa kuwa unazungumza ladha. Nikaufuta. Kafuri ya kawaida ni sumu ikimezwa, hasa kwa mtoto, na anayesoma shairi anaweza kujaribu. Iko aina inayotiwa kidogo sana kwenye vitamu vya sherehe, lakini si ile ya vidonge vya kuwashia. Isitoshe Vemana mwenyewe hakusema onja. Alisema tazama. Kama una mtoto nyumbani, kafuri ikae juu.

Mwaka 2017 nilichukua treni ya usiku kwenda Kadapa. Nilitaka kuona alikokaa Charles Philip Brown, Mwingereza aliyezikusanya beti za Vemana. Alizaliwa Kolkata mwaka 1798, akaja Madras 1817 kama mtumishi wa kampuni ya Waingereza, akapelekwa Kadapa 1820. Miaka michache baadaye akakutana na beti za Vemana. Wasomi wakubwa wa Kitelugu wakati huo hawakumhesabu Vemana, kwa lugha yake ya shambani na kwa jinsi alivyowashambulia makuhani na matabaka. Brown akalipa watu kwa fedha zake watafute majani ya mtende yaliyoandikwa, wanakili, walinganishe. Mwaka 1829 akachapa beti hizo pamoja na tafsiri. Kamusi yake ya Kitelugu ilifuata 1852. Mahali palipokuwa na nyumba yake pamejengwa maktaba yenye jina lake, na majani ya mtende yapo humo.

Mhudumu alinionyesha fungu moja. Majani membamba kama rula, yametobolewa matundu na kupitishwa uzi, herufi zimechorwa kwa sindano kisha kupakwa masizi ili zionekane. Sikugusa. Nilikumbuka nyaraka za tenzi zetu za hati ya Kiarabu zilizookotwa Lamu na Pate, nyingine zikiwa zimeliwa na mchwa kabla hazijafika mahali. Nilisimama pale nikiwaza kwamba Brown alifanya kazi ya kuheshimiwa, lakini beti za Vemana hazikumngoja yeye. Kama watu wa kawaida wasingekuwa nazo midomoni, asingekuwa na cha kutafuta.

Hapo pana tahadhari ya vitendo. Kwa kuwa ubeti wa Vemana ni rahisi kuuiga na makutam yako tayari, watu wametunga na kumbandikia kwa karne nyingi. Mitandaoni sasa kuna beti zenye jina lake ambazo hakuna mzee anayezijua. Nilitafsiri sita za namna hiyo na kuwasomea watu kwa fahari. Njia niliyoifuata baadaye ni hii: kama ubeti haumo kwenye toleo la zamani, na Ammamma hajawahi kuusikia, nauacha.

Baada ya Vemana nikaingia Sumati Satakam. Satakam ni mia, mkusanyiko wa beti mia na kidogo, kwa kawaida 108, zenye makutam moja. Huu unanasibishwa na Baddena wa karne ya 13, zama za ufalme wa Kakatiya, na kila ubeti unaisha kwa neno "sumati", mwenye akili njema. Bahari yake ni kandam, na hapa masikio yangu yalipata taabu mpya. Kina chetu kiko mwisho wa kipande. Kina chao, prasa, kiko kwenye herufi ya pili ya kila mstari. Wiki nzima nilikuwa natafuta kina mahali ambapo hakipo.

Ndani yake kuna dhahabu. Usijigambe una nguvu ukagombana na wengi: nyoka mwenye nguvu hafi mikononi mwa sisimizi? Msikilize kila asemaye, lakini ukisikia usikurupuke, chunguza. Anayejua uongo na kweli ndiye mwenye haki. Huu wa pili Tatayya alikuwa akiusema kila mtu alipomletea habari kutoka kwenye simu. Na upo ule wa furaha ya mtoto: baba hafurahi siku mwana anapozaliwa, hufurahi siku watu wanapomwona mwana na kumsifu. Niliuandika kwenye karatasi nikaubandika juu ya kitanda, kwa sababu yangu mwenyewe.

Lakini ndani yake kuna pia beti juu ya wanawake ambazo nilipozisoma nilifunga kitabu. Tusidanganyane kuhusu hili. Mtu anayekwenda kwenye ushairi wa zamani akitarajia kila ubeti umfae atavunjika moyo, au ataanza kuficha. Mimi nilikasirika, kisha nikakumbuka kwamba nimelelewa na utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ambamo mama anamwusia binti yake anayempenda amtumikie mume mpaka kumsinga na kumpepea. Naupenda utenzi ule, na kuna beti zake ambazo sitamfundisha binti yangu.

Nikamwuliza Ammamma kuhusu zile za Sumati. Akasema hazijui. Nikamsomea moja. Akasema ameisikia, lakini hajawahi kumwambia mtoto. Basi, akaendelea na dengu. Mama yake hakumpa, naye hakumpa mjukuu. Hakuna aliyeitisha mkutano.

Kinyume chake ulikuwako ubeti wa Vemana ambao mwalimu wangu wa tuisheni hakuwahi kunifundisha, na Ammamma alinifundisha makusudi siku nilipomsimulia habari za kutafuta nyumba. Unauliza kwa nini kumtukana mtu wa tabaka la Mala, waliotengwa na kuambiwa ni najisi: nyama na damu ya mwili si ni moja? Na yule anayesema ndani yake, ukoo wake ni upi? Aliusema taratibu ili niushike. Kisha akaniambia kwamba ujanani mwake, mtu wa Mala asingekunywa maji kwenye nyumba ya wazazi wake, na ubeti huu ulikuwa ukiimbwa humohumo. Hilo sikulisahau. Shairi linaweza kukaa mdomoni miaka mingi kabla halijashuka mkononi.

Kutafsiri kwa Kiswahili nilianza 2018, na kosa langu kubwa hapo lilitokana na utajiri wetu wenyewe. Kila ubeti niliougusa ulikuja na methali mkononi. Vemana anasema mdogo wa akili husema kwa makeke na mwema husema kwa upole, maana dhahabu hailii kama shaba. Nikaandika debe tupu haliachi kuvuma. Anasema wanaohesabu makosa ya watu hawayajui yao. Nikaandika nyani haoni kundule. Anasema kibaba cha chakula chenye upendo kinatosha. Nikaandika kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nilimaliza beti 40 kwa mwezi mmoja. Nilipozisoma tena hapakuwa na Vemana. Palikuwa na khanga.

Methali hufunga mlango kwa neno moja. Ubeti wa Vemana hutembea. Unapewa kitu cha kushika, kisha kitu cha pili, ndipo mstari wa tatu unageuka kwako. Upawa mmoja wa maziwa ya ng'ombe mwema unatosha. Mtungi mzima wa maziwa ya punda wa nini? Kibaba cha chakula alichokupa mtu kwa moyo kinatosha. Ukiondoa upawa na mtungi ukabaki na "kutoa ni moyo", umempa msomaji kitu alichokuwa nacho tayari. Nilizitupa beti zote 40. Nilikaa karibu mwezi bila kuandika kitu.

Niliporudi nilikuja na mizani ya utenzi. Ubeti wa utenzi una mistari minne ya mizani nane, mitatu yenye kina kimoja na wa nne wenye kina kinachorudi tangu mwanzo hadi mwisho. Ataveladi ya Vemana ina mistari mitatu ya maneno na wa nne ni taji lisilobadilika. Mwili ule ulikuwa umekaa kwetu siku zote. Huu hapa ule wa Ammamma:

Chumvi, kafuri, si mbali
Chunguza, ladha ni mbali
Watu wema nao mbali
Ewe Vema, sikiliza

Hautoshi. Nimepoteza ule mwangwi wa chuda chuda, na viswadabhirama sikuipatia nafasi kabisa. Wapo wanaosema Abhirama alikuwa sonara, rafiki yake Vemana. Wapo wanaolichambua neno lote kuwa sifa. Nimeliacha mpaka nitakapoona njia. Lakini mstari wa nne ulinipa kitu nisichokitafuta. Niliposoma mbele ya wanawake wa mtaani kwetu Tanga, niliporudi 2019, shangazi yangu alidhani mshairi anawaambia wasikilize vema. Hakujua ni jina la mtu. Nilipomweleza akasema, "Hata kama ni jina, si ndivyo alivyosema?"

Gharama zote nilizoweka kwa ajili ya Kitelugu, tuisheni, vitabu, kamusi na safari ya Kadapa, hazikuzidi rupia 30,000 kwa miaka minne. Kikubwa kilichokwenda ni muda na aibu. Anayeanza leo namshauri atafute mtoto wa darasa la pili na bibi yake kabla ya kutafuta kitabu, ajifunze herufi zao ndani ya mwezi wa kwanza, na asijaribu neno lolote la shairi kwa mzee mpaka ameliuliza.

Mwezi uliopita nilipiga simu. Tatayya hayupo tena. Alifariki wakati wa korona. Yule mjukuu sasa ni msichana mkubwa, ndiye aliyeshika simu mbele ya uso wa bibi yake. Nilimsomea Ammamma ubeti wangu wa Kiswahili polepole. Mstari wa kwanza alisikia kafuri, akatikisa kichwa, maana jina linakaribiana na lao. Wa pili na wa tatu hakuambulia kitu. Nilipofika wa nne nikatamka "Ewe Vema", hakuningoja. Alifumba macho akaimba mstari wake mpaka mwisho, a zikiwa ndefu pale zinapotakiwa, na nyuma ya simu mjukuu akarudisha.